Baba apasuliwe ngiri Lamu kwa uzi, au tumpeleke Mombasa kwa gundi?

Msomaji wa Matondoni, kisiwani Lamu, ameniandikia hivi:

"Daktari, asalaam aleikum. Baba yangu ana miaka 61, ni fundi wa majahazi. Ana mshipa upande wa kulia, mwaka wa sita sasa. Zamani ulikuwa ukirudi ndani akilala. Siku hizi unashuka mpaka chini, na akishika tezo nusu saa inabidi akae. Daktari wa hapa Lamu amesema atampasua amuwekee wavu, na wavu ataushona kwa uzi. Binamu yangu aliyeko Mombasa ameulizia kliniki moja ya binafsi. Wao wanasema kushona ni mambo ya zamani, wanatumia gundi au wavu unaojishika wenyewe, na maumivu hakuna. Bei yao inapita mara mbili ya hapa, na bado nauli na malazi. Mama anasema tuuze mashua ndogo. Je, kuna tofauti ya kweli? Na uzi hautakatika baba akirudi kazini?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Msiuze mashua.

Nimelitanguliza jibu kwa sababu mashua ikishauzwa hairudi, na maelezo yangu ni marefu. Sasa kaa na baba mumsomee, kwa maana yeye ni fundi na mengi ya haya atayaelewa kuliko wewe.

Huo mnaouita mshipa ni ngiri ya kinena, nami nitaiita ngiri tu. Pale chini ya tumbo pana njia ya asili ambamo kamba ya korodani hupita kwenda pumbuni. Ukuta ukilegea hapo, mafuta ya tumboni au utumbo huchungulia, halafu kidogo kidogo hushuka. Kwa karibu miaka mia, tangu Mtaliano Edoardo Bassini alipoitangaza njia yake mwaka 1887, madaktari walikuwa wakizivuta kingo za upenyo ule na kuzishona pamoja. Muulize baba kinachotokea ukizivuta mbao mbili zisizofikiana ukazipigilia misumari kwa nguvu. Zitakaa, lakini usiku na mchana zinataka kuachana. Ngiri nyingi zilirudi kwa sababu hiyo.

Mwaka 1984 Irving Lichtenstein na wenzake huko Los Angeles walianza kuacha kuvuta. Walitandika kipande cha wavu wa plastiki juu ya pahala palipolegea, kama kiraka, na mwaka 1989 wakachapisha habari za wagonjwa 1,000 waliowafuatilia kati ya mwaka mmoja na mitano bila ngiri kurudi hata kwa mmoja. Sisi wengine sifuri hatuipati, lakini njia yao ndiyo iliyoenea duniani kwa upasuaji wa wazi, yaani wa kukata na kufungua kinena, na ndiyo atakayofanyiwa baba.

Na atafanyiwa hiyo hiyo kokote aendako. Binamu yako hakuambiwa hili. Kwa mgonjwa anayefunguliwa kinenani, Lamu na Mombasa upasuaji ni mmoja: mkato ule ule, wavu wa kama sentimita 7 kwa 15, umelazwa mahali pale pale. Ubishi wote wa uzi na gundi ni juu ya kitu kimoja kidogo, yaani nini kiuzuie wavu usisogee katika wiki chache za mwanzo.

Nasema wiki chache kwa sababu baada ya hapo kazi ya uzi au gundi imekwisha. Umewahi kuona jarife lililosahauliwa majini? Mwani huota ndani ya matundu yake, ukatoka upande wa pili, mpaka ukitaka kuuvua wavu ule unavuta na mwani na mchanga. Mwili hufanya vivyo hivyo. Nyama changa hupenya kwenye vitundu vya wavu na kuushika kote kote. Kwa hiyo lile swali lako la uzi kukatika baba akirudi kushika tezo lina jibu jepesi: uzi ambao kwa kawaida hutumika pale chini ni wa polipropilini, plastiki ile ile ya wavu, hauozi, na hata ungekatika miezi sita baadaye, wavu hautakwenda popote. Wapo madaktari wanaotumia uzi unaoyeyuka wenyewe, na ngiri za wagonjwa wao hazirudi zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa tuuangalie huo uzi kwa karibu, kwani mazuri na mabaya yake yote yamo katika pale unapopita.

Upande wa chini, daktari anaushona wavu kwenye ukano mgumu wa kinena kwa mshono mmoja unaokwenda moja kwa moja, mizunguko michache tu. Upande wa juu anaweka mishono miwili hivi ya kushikiza, mara nyingi ya uzi unaoyeyuka. Mkia wa wavu unapasuliwa ukawa mikia miwili ili kamba ya korodani ipite katikati, kisha mikia inapishanishwa na kufungwa. Kwenye mfupa wa kinena, kwa ndani, wavu lazima uvuke mfupa kwa sentimita mbili hivi. Hapo ndipo ngiri hupenda kurudia, pembeni mwa mfupa, kwa sababu daktari aliona uvivu wa kuvuka au alikuwa na wavu mdogo. Lakini mshono wenyewe usizame kwenye ngozi inayoufunika mfupa, maana ngozi ile ina uhai wa ajabu na itamuuma mtu kila anapoinama.

Halafu kuna neva. Katika eneo lile dogo hupita neva tatu nyembamba zinazoleta hisia za kinena, pumbu na sehemu ya ndani ya paja. Uzi ukiikaba mojawapo, wavu utakaa vizuri na ngiri haitarudi, lakini mgonjwa atakuwa na mtu anayemchoma kwa sindano ya moto kila siku. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo nikiwa kijana, katika hospitali nisiyoitaja. Mgonjwa alikuwa mvuvi. Aliporudi kwangu wiki ya sita alikuwa akitembea amejikunja, na mimi nikamwambia asubiri, itapoa. Haikupoa. Mwenzangu mkubwa alipomfungua tena alikuta neva imeshonwa pamoja na wavu, safi kabisa, mshono wa kupendeza. Tangu siku ile sifungi mshono wa juu kabla ya kuziona neva kwa macho yangu.

Maumivu hayo ya kudumu, yanayopita miezi mitatu, ndiyo yaliyoleta gundi na hivyo vyavu vya kujishika. Ngiri kurudi si tatizo kubwa tena tangu wavu uje. Tatizo ni kwamba karibu mtu mmoja katika kumi hubaki na maumivu ya namna fulani, wengi madogo, wachache makali kiasi cha kumzuia kazi. Watu wakawaza: kama uzi ndio unaokaba neva, tuuondoe uzi. Wazo zuri. Tuone limetoa nini.

Gundi ziko za aina mbili. Moja ni fibrini, iliyotengenezwa kwa protini za damu ya watu, zile zile zinazogandisha damu kidonda kinapofunga. Nyingine ni sayanoakrilati, ukoo mmoja na ile gundi ya dukani inayoshikanisha vidole, ila imetengenezwa kwa ajili ya mwili. Zote hudondoshwa au kupuliziwa juu ya wavu badala ya kushona. Mwaka 2012 Giampiero Campanelli na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 319 waliogawanywa kwa kura, wengine fibrini, wengine uzi. Baada ya mwaka, waliokuwa na angalau tatizo moja la kusumbua, iwe maumivu, kufa ganzi au karaha ya kinena, walikuwa asilimia 8.1 upande wa gundi na asilimia 14.8 upande wa uzi. Binamu yako akionyeshwa tarakimu hizo pekee, atauza hata nyumba.

Ila tafiti ni kama mashahidi, husikilizi mmoja. Mwaka 2015 watafiti wa Ufini walitoa wao wa watu 625, wakilinganisha njia zote tatu kwa pamoja: gundi ya sayanoakrilati, wavu wa kujishika, na uzi. Baada ya mwaka hapakuwa na tofauti ya maana ya maumivu. Utafiti mwingine wa huko huko, watu 302, uliendelea kuwafuatilia mpaka mwaka wa saba. Gundi na uzi vikalingana, kwa maumivu na kwa ngiri kurudi. Na mwaka 2017 mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 12 ya gundi na uzi, jumla watu 1,932. Yakakuta kwamba gundi huenda ikapunguza maumivu ya kudumu kwa asilimia 37, upasuaji ukafupika kwa dakika tatu hivi, na ngiri kurudi ni sawa kwa sawa. Waandishi wenyewe wakasema ushahidi wa maumivu una udhaifu.

Chukua yule mtu mmoja katika kumi anayebaki na maumivu, yaani 100 katika kila 1,000; ukiwapunguza kwa asilimia 37, wanaookoka ni kama 37 katika kila 1,000. Ni kama watu 27 walipe gundi ndipo mmoja wao aepukane na maumivu ambayo angeyapata kwa uzi. Wale 26 wengine hawaoni tofauti. Kama gundi ingekuwa iko kabatini hapo Lamu kwa bei ile ile, ningesema itumike, faida ndogo ni faida. Kuuza mashua kwa ajili yake, hapana.

Kuna jambo jingine ambalo kliniki ile haikulitaja. Umeandika ngiri ya baba inashuka mpaka chini. Tafiti nyingi hizi za gundi ziliwachukua watu wenye ngiri ndogo na za kadiri, na wenye ngiri iliyojaa pumbuni wakaachwa nje. Mtu ambaye upenyo wake umekuwa mpana kwa miaka sita si yule aliyepimwa huko. Mimi ngiri ya namna hiyo naishona, na nikiwa na wasiwasi naongeza mshono mmoja kwenye upande wa mfupa. Ni uamuzi wangu, wapo wenzangu wasiokubaliana nami.

Wavu wa kujishika una vinyweleo vidogo vigumu upande mmoja, kama kulabu za sandali za watoto zinazofungwa kwa kubandika. Ukiulaza unang'ata nyama papo hapo, na vinyweleo vile huyeyuka baadaye. Unaokoa dakika kadhaa mezani. Kwa maumivu ya muda mrefu haujaushinda uzi, na kwa kurudi kwa ngiri vivyo hivyo. Kasoro yake ni kwamba ukiukosea mahali haukubali kusogezwa kwa upole, na ukijikunja hujing'ata wenyewe. Daktari asiyeuzoea huhangaika nao kuliko mshono. Pini za chuma za kushikiza wavu zipo pia, lakini kwa upasuaji wa wazi sioni sababu ya kuzizungumza.

Kwa hiyo maneno "kushona ni mambo ya zamani" ni ya biashara. Na "maumivu hakuna" si kweli kwa njia yoyote kati ya hizi. Siku tatu nne za kwanza ataumwa, atakohoa akishika kinena kwa mkono, na dawa za kawaida za maumivu zitamsaidia.

Nikuongezee kisa kinachotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2016 Jenny Löfgren na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wenye bei ya kama dola 125, nusu wakawekewa wavu wa chandarua cha mbu uliokatwa na kutakaswa, wenye thamani ya dola moja. Yote miwili ilishonwa kwa uzi. Baada ya mwaka ngiri ilirudi kwa mtu mmoja upande wa chandarua, na hakuna upande wa pili. Kitakwimu ni sawa. Tafadhali mtu asikate chandarua cha nyumbani chenye dawa akakipeleka hospitali, kile cha Uganda kilichaguliwa na kupimwa maabara. Nimekitaja ili uone: chombo cha bei ya chini, mikononi mwa daktari aliyefundishwa vizuri, kilifanya kazi iliyolingana na cha bei ya juu.

Maana mwisho wa yote ni mkono. Kabla ya kulipa chochote, nenda na baba kwa yule daktari wa Lamu, mkae naye. Muulize kwa adabu amefanya ngiri ngapi za wavu, na kama huzitafuta neva akiwa ndani. Daktari mzuri hataudhika. Mimi huulizwa na wazee wa Shela kana kwamba naposa binti yao. Muulize kama atatumia ganzi ya pale pale kinenani, ambayo kwa ngiri zinazorudi ndani ni bora na mtu hulala kwake siku hiyo hiyo; kwa ngiri kubwa iliyoshuka huenda akachagua ganzi ya mgongoni, na hilo si kosa. Muulize ukubwa wa wavu. Akikuambia anao wa sentimita tano kwa kumi tu, hapo ndipo nitasema subirini mpaka uletwe mkubwa, au nendeni Malindi au Mombasa. Sababu hiyo inastahili nauli kuliko gundi. Na ulizia hapo hapo kama bima ya afya ya serikali, SHA, inagharamia wavu au mnatakiwa kuununua wenyewe.

Muulize pia kama ana hakika ni ngiri peke yake. Pwani yetu ina busha, maji yanayojaa pumbuni kutokana na matende, na kwa watu wa kijijini vyote viwili huitwa mshipa. Umesema zamani ulikuwa ukirudi akilala, hiyo ni dalili ya ngiri. Busha halirudi tumboni. Lakini mzee anaweza kuwa navyo vyote kwa pamoja, na ni vizuri vikashughulikiwa siku moja kuliko kufunguliwa mara mbili. Na kama anaamka usiku mara nne kukojoa na lazima ajikamue, mwambieni daktari mapema: tezi dume iangaliwe kwanza. Kujikamua, kikohozi cha sigara na choo kigumu huuvuta wavu mchanga kuliko tezo.

Mama anaweza kuuliza, kwa kuwa wengi wa kwetu huniuliza: wavu huu ni plastiki tupu, hauna kitu cha mnyama. Nyavu zilizotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe zipo duniani, lakini hazitumiki kwa ngiri ya kawaida kama hii. Gundi ya fibrini, kama nilivyosema, hutoka kwenye damu ya binadamu waliojitolea; anayeitumia ana haki ya kuambiwa.

Kuhusu kazi: siku hiyo hiyo asimame, kesho yake atembee mpaka msikitini, hakuna haja ya kulala kitandani wiki mbili kama walivyolazwa babu zetu. Mambo mepesi ayarudie kadiri maumivu yanavyomruhusu. Kukalafati na kupiga randa, baada ya wiki mbili kama anajisikia. Kuinua mkuku au kubeba mataruma, mimi humpa mtu wiki nne hadi sita, nikijua kwamba miongozo ya sasa imelegea kuliko mimi. Pumbu na kinena vitavimba na kubadilika rangi, vitamtisha mama, vinatulia vyenyewe. Joto, usaha au homa si vya kungoja.

Na wakati mnangoja siku ya upasuaji, mtu mmoja nyumbani awe analijua hili: ngiri ikigoma kurudi ndani ikawa ngumu, inauma, na baba akaanza kutapika, utumbo umekabwa. Hapo uzi na gundi havina habari tena, na saa ndizo zinazohesabiwa. Msimkande, msimpe mafuta, msimlazimishe kuisukuma. Hata ikiwa saa nane za usiku na maji yamekupwa, tafuteni boti au punda awafikishe hospitali ya mjini usiku huo huo. Zungumzeni na mwenye boti leo, mapema, mpate na namba yake ya simu.